Njaa ya retina: umetaboli wa nishati na upofu wa kurithi

Umetaboli wa nishati ni namna seli inavyogeuza chakula kuwa nguvu. Retina, utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ina ulaji mkubwa ajabu, na seli zake za kupokea mwanga hula zaidi gizani kuliko mchana. Gizani sodiamu huingia ndani yake mfululizo, na pampu za seli hulazimika kuisukuma nje muda wote. Kwa hiyo kufumba macho hakuzipumzishi.

Chakula chake kikuu ni glukosi, yaani sukari iliyo kwenye damu. Miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aliona kwamba retina huvunja glukosi nyingi kuwa laktati, zao la glukosi iliyovunjwa nusu tu, hata oksijeni ikiwepo, kama zifanyavyo seli za saratani. Laktati hiyo haipotei bure. Glukosi kutoka kwenye damu hupitia kwanza tabaka la seli zenye rangi nyeusi. Tabaka hilo likijilisha laktati, glukosi husalia kwa ajili ya seli za mwanga.

Katika ugonjwa wa kurithi wa retinaitisi pigmentosa, mpango huu huvurugika. Kwa kawaida jicho lina seli fimbo takriban milioni 120, za kuonea kwenye mwanga hafifu, na seli koni takriban milioni 6, za kuonea rangi na kusomea. Mara nyingi kasoro ya jeni huziua fimbo kwanza, na mgonjwa huanza kwa kutoona usiku. Kinachoumiza ni kwamba baadaye koni nazo hufa, ingawa kasoro ile haikuwa yao. Mwaka 2009 watafiti Claudio Punzo na Constance Cepko walionyesha, kwa kuchunguza panya, kuwa koni hizo zina dalili za njaa. Panya walipopewa insulini, homoni inayodhibiti matumizi ya sukari mwilini, koni zilidumu zaidi. Nchini Ufaransa, José Sahel na Thierry Léveillard walitambua protini itolewayo na fimbo, ambayo huzisaidia koni kuingiza glukosi. Fimbo zikifa, msaada huo hukatika.

Tiba ya jeni ya Luxturna, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017, hurekebisha jeni moja tu, RPE65, ilhali jeni zinazohusishwa na retinaitisi pigmentosa ni zaidi ya 80. Ndiyo maana naona njia ya kuzilisha koni ina matumaini makubwa: ingeweza kuwafaa wagonjwa wengi bila kujali jeni yao, na kuwaachia uwezo wa kusoma na kutambua nyuso. Bado iko kwenye utafiti. Kula sukari zaidi si tiba, kwani shida ni glukosi kuingia ndani ya koni, na sukari ikizidi kwenye damu huharibu mishipa ya retina yenyewe.