Mtutu mpya, kitambaa cha bluu na hewa ya chumvi

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Masasi alinishukia karakana hapa Mtwara na bunduki mpya ya risasi za .30-06. Bado ilikuwa inanuka mafuta ya kiwandani, na leseni yake ameikunja vizuri ndani ya bahasha. Hata hajakaa, akaanza: "Fundi, wameniambia nisiitumie mpaka niizoeshe. Risasi hamsini, na kila nikipiga moja nasafisha. Ni kweli?"

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Kaa kwanza, unywe maji."

Hofu yake naielewa. Risasi ni ghali, na hamsini kwake ni akiba ya miaka. Tena kuna vijana wanaofananisha mtutu na injini ya bodaboda mpya, ile unayoambiwa usiikimbize kilomita za mwanzo. Mfano huo unapotosha. Injini ina vyuma viwili vinavyosuguana mpaka vikubaliane. Mtutu ni chuma kimoja, na kinachopita ndani yake kinapita mara moja tu, hakirudi.

Kinachozoeshwa ni sehemu ndogo sana. Mtutu huanza kama chuma kizima kinachotobolewa, halafu ndani yake inatiwa ile mifereji inayoizungusha risasi. Mifereji hiyo wengine huichonga, wengine huikandamiza, wengine hufua chuma kwa mashine ya nyundo. Kwenye mtutu uliomaliziwa vizuri, mikwaruzo ya kazi hiyo mara nyingi inafuata urefu wa mtutu. Shida huletwa na kazi ya mwisho, kuchonga chemba inapokaa risasi. Kisu cha chemba kinazunguka, kwa hiyo kinaacha alama zilizokatiza njia ya risasi, pamoja na vichuma vidogo kwenye kingo pale mifereji inapoanza. Sisi mafundi hapo tunapaita kooni. Aliyewahi kukaa na mchongaji wa mpingo ananielewa: alama ya patasi iliyokwenda na nyuzi za mti haimsumbui sana, ila iliyokatiza nyuzi itamlia msasa mchana kutwa.

Sasa risasi yenye koti la shaba inapita kwenye alama zile. Koti hilo mara nyingi ni shaba asilimia 95 na zinki asilimia 5, laini kuliko chuma, kwa hiyo linakwanguliwa. Katika moto ule wa baruti shaba nyingine inageuka mvuke, ikasafiri na gesi na kwenda kuganda mbele kwenye mtutu. Usipoiondoa, risasi ya pili inaongeza tabaka lake, na ya tatu lake. Kuzoesha mtutu ni kuondoa shaba hiyo mapema, ili risasi chache za mwanzo ziguse chuma chenyewe cha kooni na kukilainisha. Basi.

Kwamba ni lazima, hata wakubwa wa kazi hii hawajakubaliana. Krieger, watengenezaji wa mitutu wa Marekani, wanawaelekeza wateja wao wapige moja wasafishe, tena moja wasafishe. Gale McMillan, naye mtengenezaji mkubwa wa mitutu hukohuko, alikuwa akisema wazi kwamba ni kuuzeesha mtutu bure. Mimi sifuati idadi ya mtu yeyote. Natazama kitambaa cha kusafishia. Mtutu uliosuguliwa ndani kwa mkono kabla ya kutoka kiwandani huacha kushika shaba baada ya risasi chache mno. Uliopakwa kromu ndani, kama silaha nyingi za kijeshi, siuzoeshi kabisa, maana kromu ni ngumu na koti la shaba haliwezi kuilainisha.

Kwa mzee tulifanya hivi. Siku ya kwenda kulenga tulitoa bolti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, tukachungulia kuhakikisha chemba ni tupu, tukapitisha vitambaa vikavu mpaka mafuta ya kiwandani yakaisha. Hatua hiyo wengi wanairuka. Mafuta yakibaki ndani ya mtutu yanaongeza shinikizo na kuipoteza risasi ya kwanza, na yakibaki kwenye chemba yanaifanya bolti ibebe mzigo usio wake. Kisha tukapiga moja. Nikaanza kwa dawa ya kuondoa masizi, vitambaa vikatoka vyeusi tii. Vilipoanza kutoka safi nikatia dawa ya shaba, yenye amonia. Amonia ikikutana na shaba inakuwa bluu. Kitambaa cha kwanza kilitoka na bluu ya maji ya Msimbati saa sita mchana. Mzee akakishika kwa ncha za vidole, akanitazama kana kwamba nimefanya kiini macho.

Risasi ya pili, bluu ileile. Ya tatu, ya nne, vivyo hivyo. Ya sita ikawa bluu ya kufifia, kama shati la shule lililofuliwa mwaka mzima. Hapo tukapiga tatu ndipo tukasafisha, kisha tano. Kitambaa kikatoka na kivuli tu cha rangi. Jumla risasi 14, na mzee akarudisha zilizobaki kwenye boksi lake akicheka peke yake.

Kuhusu joto, mimi natumia kiganja. Kama huwezi kuushika mtutu ukahesabu mpaka tano, subiri. Ila kwa jua la Oktoba huku kwetu, mtutu uliolala juani unaunguza hata kabla hujapiga, kwa hiyo tulihamia chini ya mwembe.

Hiyo bluu iliwahi kunidhalilisha. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nililetewa bunduki ya .375, nikaisafisha jioni nzima. Kila kitambaa bluu. Nikaongeza dawa, nikasugua, bluu. Mpaka taa za mtaani zinawaka, bado bluu. Nilikuwa nimeshaanza kuulaumu mtutu, mpaka mjomba, ndiye aliyenifundisha kazi, akaja, akachukua burashi yangu mkononi, akaidondoshea tone moja la dawa juu ya nyuzi zake. Haikuchukua muda, tone likawa bluu. Burashi ilikuwa ya shaba na bati, na hata kile kichwa cha kushikia kitambaa kilikuwa cha shaba. Mtutu ulikuwa umeshatakata zamani, nami nilikuwa naisafisha burashi. Tangu siku ile dawa ya amonia naitumia na burashi ya nailoni. Ile ya shaba ni ya masizi tu, na nikimaliza naisuuza. Wala dawa ya amonia hailazwi ndani ya mtutu usiku kucha. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye chupa, kisha ifute yote.

Kosa jingine langu lilikuwa baya zaidi, maana lile halikufutika. Nilikuwa nasafisha kwa kuingiza rodi mdomoni mwa mtutu, nikitumia ile ya alumini ya vipande vya kuungana. Alumini ni laini, mchanga unajichomeka ndani yake, rodi inageuka tupa. Nayo ilikuwa inausugua mdomo, mahali pa mwisho risasi inapoachana na chuma. Mdomo ukilika upande mmoja, gesi inatoroka upande huo kwanza na kuisukuma risasi kando. Bunduki ile ilianza kutawanya risasi kwenye shabaha kama mtu anayepanda ufuta kwa mkono. Ilibidi mjomba aukate mdomo na kuuchonga upya. Rodi iwe ya kipande kimoja, iingie nyuma kupitia chemba, na iwe na kibomba cha kuiongoza ili isikwangue kooni, palepale tulipotumia risasi 14 kupalainisha. Bunduki ambayo haifunguki nyuma, basi tumia kamba ya kusafishia, nayo uivutie kuanzia kwenye chemba kwenda mdomoni.

Nikiangalia mitutu inayoletwa hapa imekufa, karibu yote haikuuawa na kutozoeshwa. Imekufa kwa rodi, au kwa kutu. Ndugu zetu wa Liwale na Nanyumbu wana afadhali kidogo. Sisi wa pwani, Mtwara mjini, Mikindani, Lindi, Kilwa, hewa yenyewe ina chumvi. Usiku mmoja wa masika unatosha kuotesha vidoa vyekundu kwenye mtutu uliofutwa ukaachwa mkavu. Baada ya kusafisha pitisha kitambaa chenye mafuta, na bunduki ikae mdomo chini ndani ya kabati lake la kufuli, mafuta yasiteremke kuloweka mbao za kitako.

Wenye magobore wao wana habari nyingine kabisa. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta maji hewani, na mafuta hayayaondoi. Ni maji ya moto na sabuni, kausha, halafu ndipo mafuta. Risasi za zamani za kijeshi ambazo viwashio vyake vina kloreti ya potasiamu ni hivyohivyo: zinaacha chumvi, na chumvi huyeyuka kwa maji. Utaupaka mafuta mtutu kama huo mpaka ung'ae, na kutu itaota chini yake.

Mzee alipokuwa anaondoka akatoa mfuko wa ngozi, mzuri, alioshonewa kwa ajili ya bunduki yake mpya, akataka kuichomeka humo akaiweke nyumbani. Nikamwomba, kwa heshima, safarini sawa, nyumbani hapana, kwa sababu ngozi inatunza unyevu. Alinitazama kidogo, akaniachia mfuko: "Basi kaa nao wewe fundi, mimi nikiuona nitashawishika."

Nimeutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Jana nimeugeuza, mishono yote imeota ukungu mweupe.