Isaac Stephenson: Mbao, Fedha na Kiti cha Useneta

Isaac Stephenson, tajiri wa mbao wa Marinette katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, hukumbukwa zaidi kwa kashfa ya fedha alizotumia kuupata useneta kuliko kwa maisha yake, na hapo ndipo mengi yanapopotoshwa.

Wapo wanaodhani kwamba alirithi misitu. Alizaliwa mwaka 1829 huko New Brunswick, Kanada, akafika Wisconsin mwaka 1845, na kabla ya kumiliki viwanda vya kupasulia mbao alifanya kazi kambini miongoni mwa wakata magogo. Wala siasa hakuianza uzeeni: alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo katika miaka ya 1860, kisha wa Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia 1883 hadi 1889.

Dhana nyingine ni kwamba matajiri wa mbao wote waliwapinga wanamageuzi. Ni kweli kwamba Robert La Follette, kiongozi wa wanamageuzi wa Wisconsin, alimtuhumu seneta Philetus Sawyer, naye mfanyabiashara wa mbao, kuwa alijaribu kumhonga mwaka 1891. Lakini ni Stephenson huyu huyu aliyemfadhili La Follette na kulianzisha gazeti la Milwaukee Free Press mwaka 1901, ingawa baadaye wawili hao walifarakana.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi inasema kwamba aliwahonga wabunge wa jimbo, ambao wakati huo ndio waliowachagua maseneta. Dola 107,793 alizokiri kuzitumia zilikwenda hasa katika kura ya mchujo ya mwaka 1908, ambako wananchi ndio waliopendekeza jina: matangazo ya magazetini, mawakala wa kila wilaya, hata bia na sigara za kuwakirimu wapiga kura. Kiasi hicho kilizidi mara mbili mshahara wa seneta wa miaka 6, uliokuwa dola 7,500 kwa mwaka. Kinaya ni kwamba mchujo huo ulipiganiwa na wanamageuzi wenyewe ili kuvunja nguvu ya vigogo wa chama, kumbe kulizungukia jimbo zima kulihitaji mfuko mnene kuliko kuzungumza na wabunge wachache.

Wengine huamini kwamba kwa sababu hiyo alivuliwa useneta. Baada ya uchunguzi, mwaka 1912 Seneti ilimbakiza kwa kura 40 dhidi ya 34, ushindi mwembamba usiomsafisha sana kwa maoni yangu, naye akamaliza muhula wake mwaka 1915.