Si kila samaki anataka chakula hai

"Dokta, mimi samaki wangu hawajui peleti, vile vidonge vikavu vya dukani. Nawapa chakula hai tu, minyoo na viluwiluwi, cha asili." Maneno haya yananifikia mara kwa mara, na mara nyingi yanakuja pamoja na ndoo yenye samaki aliyevimba tumbo. Leo naomba tuyamalize.

"Chakula hai ni bora kwa sababu ndicho cha asili."

Cha asili kwa samaki yupi? Anza hapo. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanaopendwa sana kwenye matangi ya mjini, wengi wao huishi kwa kukwangua mwani kwenye miamba. Tropheus wa Ziwa Tanganyika ni hivyo hivyo. Utumbo wao ni mrefu, umejikunja mara nyingi, na kazi yake ni kumeng'enya mwani taratibu. Sasa mtu anamnunua samaki wa namna hii, anamshindilia minyoo myekundu asubuhi na jioni, halafu anashangaa.

Dalili ni zilezile. Kwanza kinyesi kinageuka cheupe, chembamba kama uzi, kinaning'inia bila kukatika. Kisha samaki anakiweka chakula mdomoni na kukitema. Anajitenga pembeni, anahema haraka. Tumbo likishavimba, dawa mara nyingi haifui dafu, na siku chache baadaye unamtoa kwa kijiti. Anayeona kinyesi cheupe na kuacha kulisha siku hiyo hiyo, akabadilisha maji pia, ana nafasi nzuri zaidi kuliko anayesubiri tumbo. Inaniuma kwamba hawa ni samaki wa maziwa yetu wenyewe, na wanakufa Sinza na Mbezi kwa mlo ambao si wao. Wape peleti ya kijani yenye spirulina, yaani mwani uliokaushwa. Ukitaka kuwafurahisha, chemsha mchicha kidogo uwawekee.

Beta, yule samaki mpiganaji mwenye mapezi marefu, ni habari nyingine. Yeye kwao anakula wadudu na viluwiluwi, kwa hiyo chakula hai kinamfaa kweli, ingawa peleti nzuri yenye unga wa samaki pia inamtosha.

Hata kwa samaki anayekihitaji, uliza kimetoka wapi. Ile minyoo myembamba inayojikusanya kama donge jekundu hustawi kwenye tope la maji machafu, na kadiri mtaro unavyonuka ndivyo inavyojaa. "Lakini nimeiosha kwa chumvi, Dokta." Umeosha nje. Bakteria, vimelea na sumu za mtaroni zimo ndani ya mnyoo, na samaki anammeza mzima. Kuigandisha kwenye friza nako hakuui bakteria wote. Kama hujui maji iliyokulia, usiinunue, hata ikiwa bei ya kutupa.

Viluwiluwi vya mbu ni chakula kizuri kwa samaki, sibishani. Ninachokataa ni ndoo za maji kuachwa wazi uani ili mbu watage. Kwa joto la Dar es Salaam, yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10. Ukisafiri kidogo tu, umemfugia jirani mbu. Aedes, mbu anayeeneza dengi, anapenda hasa vyombo kama hivyo, na jiji hili limeonja dengi mwaka 2014 na tena 2019. Hakuna samaki wa mapambo anayestahili gharama hiyo.

"Peleti zina kemikali, ndizo zinazoua."

Peleti ya kawaida ni unga wa samaki, nafaka, mafuta na vitamini. Tatizo ninaloliona ni peleti zilizochakaa. Gunia linakaa wazi dukani, watu wanapimiwa kwa kikombe, na unyevunyevu wetu unamaliza kazi: mafuta yanachacha, vitamini C inapotea, ukungu unaingia. Nunua kopo dogo lililofungwa, andika tarehe uliyolifungua, ulimalize ndani ya miezi miwili au mitatu. Usiliweke juu ya tangi kwenye joto la taa. Likinuka mafuta yaliyochacha, tupa.

"Peleti za sato ni zilezile, ila za bei rahisi."

Hapana. Zile zimetengenezwa ili samaki wa bwawani afikie uzito wa kuuzwa ndani ya miezi michache. Samaki wa tangi hafugwi kwa uzito: samaki wa dhahabu akitunzwa anaishi zaidi ya miaka 10. Tena zinamomonyoka na kuchafua tangi.

"Samaki akinijia kwenye kioo cha tangi ana njaa."

Anakujua tu. Samaki wa dhahabu hana mfuko wa tumbo wa kuhifadhi chakula, ataomba siku nzima. Ukimfuata, mabaki na kinyesi vinakuwa amonia, na amonia inaunguza matamvua. Wape kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara mbili kwa siku. Umeme ukikatika na pampu ikizima, usilishe kabisa: kumeng'enya chakula kunataka oksijeni, na hapo inapungua. Mkate na wali, acha.

Ukitaka chakula hai bila wasiwasi, angua mwenyewe artemia, vijidudu vya maji ya chumvi vya jamii ya kamba. Hii namshauri kila mwenye vifaranga vya samaki. Chukua chupa ya lita moja na nusu, weka lita moja ya maji na gramu 25 hadi 30 za chumvi, kijiko cha chai kisichojaa cha mayai ya artemia, na mpira wa pampu ya hewa ufike chini kabisa. Hapa kwetu huhitaji hita, wanaanguliwa ndani ya saa 24 hadi 36. Zima hewa, magamba yaelee, wafyonze walio chini kwa mrija, wasuuze kwa maji baridi yasiyo na klorini. Walishe ndani ya saa chache, kwa sababu akiba ya kiini wanayozaliwa nayo ndiyo lishe yenyewe, na inaisha upesi.