Plazma ya Mshtarii: inazunguka vipi, inatoka vipi

Ule mwanga mkali unaoruka fundi anapogusisha rodi ya kuchomelea kwenye geti ni plazma. Ni hewa iliyopigwa umeme mpaka atomi zake zikapokonywa elektroni, na zikabaki chembe zenye chaji. Gesi ya kawaida haijali sumaku. Plazma inashikwa nayo.

Uga wa sumaku wa sayari uchore kichwani kama nyuzi zinazotoka ncha moja na kupinda hadi ncha nyingine. Chembe ya plazma ni ushanga uliotungwa kwenye uzi mmojawapo: huteleza kufuata uzi, ila kuhamia uzi wa jirani ni shida. Sayari ikizunguka, nyuzi zinazunguka, na shanga zinaburutwa humo humo.

Wengi hukosea hapa kwa kubeba picha ya Dunia, ambako upepo wa Jua, yaani plazma inayovuma kutoka kwenye Jua, ndio unaosukuma sehemu kubwa ya plazma. Kwa sayari ya Mshtarii (Jupiter), mwendeshaji ni mzunguko wake mwenyewe. Upana wake ni kama mara 11 ya Dunia, lakini hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10. Ukiiona ikichomoza juu ya ziwa pale Igombe, Mwanza, jioni, mpaka wavuvi wa dagaa wazime taa zao alfajiri, imeshamaliza mzunguko mzima na kuanza mwingine.

Plazma yenyewe hutoka kwenye mwezi wake uitwao Io. Volkano za Io, zilizoonwa mara ya kwanza na chombo cha angani Voyager 1 mwaka 1979, hutapika gesi ya salfa na oksijeni, na takriban tani moja kila sekunde hugeuka plazma. Io husafiri kilomita 17 kwa sekunde. Plazma iliyonaswa na nyuzi hupita hapo kwa kilomita 74 hivi, ikiipita Io kwa nyuma. Hutanda kuizunguka sayari kama kata, ile ya nguo anayoiweka mama kichwani kabla ya kujitwisha ndoo.

Sasa itatokaje? Zungusha ndoo ya maji kwa mkono, utasikia inavyovuta kwenda nje. Plazma inavutwa hivyo hivyo, lakini ushanga hauchomoki kwenye uzi. Kwa hiyo fungu zima la nyuzi lenye mzigo mzito hutoka nje, na fungu jepesi huingia mahali pake. Ndivyo makuli wa mwaloni Kirumba wanavyopishana kwenye ubao mwembamba: mwenye ndoo iliyojaa anapanda, mwenye tupu anashuka. Chombo cha Galileo kilipita katikati ya mafungu matupu ya namna hiyo karibu na Io. Safari ya kwenda nje huchukua majuma kadhaa.

Huko mbali plazma huanza kuchelewa. Sayari huikokota kwa mikondo ya umeme inayopita kwenye nyuzi, na mikondo hiyo huwasha mianga mikubwa ya ncha za Mshtarii. Upande wa usiku nyuzi hunyooshwa mpaka zikatike. Donge la plazma huruka angani, na nyuzi hurudi ndani zikiwa tupu.

Sayari ya Zohali (Saturn) hufanya vivyo hivyo, ila mzigo wake ni maji: mvuke unaofoka kwenye mwezi wake uitwao Enceladus. Mvuke huo uligunduliwa na chombo cha Cassini mwaka 2005.