Tuache kuandika "mama alichelewa"

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha kupitia vifo vya uzazi, mwenzetu alifungua faili akasoma sababu: "Mama alichelewa kufika." Kikao kikataka kuhamia faili jingine. Nikanyoosha mkono. Mama huyo aliingia leba saa mbili usiku, akajifungua saa nne. Damu ya kumwongezea ilifika saa nane. Aliyechelewa ni nani?

Sibishi, wapo wanaokaa nyumbani mpaka uchungu uwashinde. Tangu watafiti Thaddeus na Maine waandike mwaka 1994, tunafundishwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kwenda, kufika, na kuhudumiwa ukishafika. Wa kwanza tunauhubiri kliniki kila asubuhi. Kwa wa pili, m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, imesaidia sana. Ukipiga 115 unatafutiwa usafiri, hata gari la mtu binafsi. Wa tatu ni wetu wenyewe, na ndio hatupendi kuutaja.

Chukua oksitosini, sindano ya kukaza mji wa mimba ili damu isivuje. Inatakiwa ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, lakini umeme unakatika na jokofu linafunguliwa kila mara. Ampuli iliyoharibika na iliyo nzima zote ni maji maangavu yaleyale. Unamchoma mama uniti 10, mji wa mimba haukazi, unachoma tena, dakika zinakwenda. Dakika hizo tumwandikie mama?

Halafu kuna kipimo cha damu, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Tunakisia kwa macho! Mama anakuja na kanga zake, tunamtandikia, zinalowa, tunaandika "mls 300". Mimi mwenyewe niliandika hivyo usiku mmoja. Tulipoziweka zile kanga kwenye mzani wa watoto na kutoa uzito wa kanga kavu, zilikuwa zimebeba zaidi ya 900, na mama alishaanza kuhema juujuu. Alipona, lakini namba ile niliyoiandika kwa mkono wangu sijaisahau. Dawa ya jambo hili ipo: shuka la plastiki lenye mfuko wa vipimo, linalowekwa chini ya mama. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa 2023, ulitumia shuka hilo pamoja na matibabu yote kutolewa kwa mkupuo mmoja. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60.

Bado nina wasiwasi. Zamu ya usiku mkunga ni mmoja, akina mama watatu wanasukuma. Shuka litampa namba. Mikono ya kukanda mji wa mimba itatoka wapi? Na chupa ya damu isipokuwepo? Sina jibu linaloniridhisha.

Anayedhani haya ni mambo ya ushamba aitazame Marekani. Mwaka 2023 walikufa kwa uzazi wanawake weusi 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, weupe 14.5. Barabara zipo, damu ipo. Mcheza tenisi Serena Williams alisimulia jinsi, baada ya kujifungua, ilivyombidi awasisitizie wahudumu kwamba ana mabonge ya damu kwenye mapafu, naye alikuwa tayari kitandani hospitalini. Kwetu nako mke wa mkubwa anapokelewa kwa "karibu mama", na aliyeshuka kwenye bodaboda na kanga iliyopauka anaulizwa, "Ulikuwa wapi muda wote huo?" Aliyeulizwa hivyo akianza kuona kizunguzungu, hatasema.

Kwa hiyo kwenye zamu yangu naandika saa: ya kufika, ya kupokelewa, ya sindano ya kwanza, ya kumwita daktari, ya daktari kutokea, ya kuomba damu, ya damu kuletwa. Wenzangu wawili wameshaniomba nakala ya karatasi hiyo.