Torki, nguvu za farasi na mchapuko wa gari

Wengi wanaounda injini za magari ya mbio huamini kwamba torki, yaani nguvu ya kusokota, ndiyo inayolichomoa gari, ilhali nguvu za farasi hufaa tu kwa kasi ya juu kabisa. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa injini yenye torki nyingi katika mizunguko ya chini huitika mara dereva anapokanyaga mafuta.

Hata hivyo, kinachosukuma gari ni torki inayofika kwenye magurudumu baada ya kuzidishwa na gia. Torki kwa nyutonimita, ikizidishwa kwa mizunguko ya injini kwa dakika na kugawanywa kwa 9549, hutoa nguvu ya injini kwa kilowati, yaani kitu kilekile kinachopimwa pia kwa nguvu za farasi. Injini yenye nyutonimita 400 katika mizunguko 3000 na nyingine yenye 200 katika mizunguko 6000 hutoa takriban kilowati 126 kila moja. Ya pili ikipewa gia yenye uwiano maradufu, magurudumu hupata msukumo uleule kwa mwendo uleule.

Ugumu halisi uko kwenye kamshafti, yaani mhimili unaofungua na kufunga vali, vilango vya kupitisha hewa na moshi katika injini. Ile inayoziacha vali wazi kwa muda mrefu huisaidia injini kupumua mizunguko inapokuwa juu, lakini huidhoofisha inapokuwa chini, na katika gari zito lenye gia chache hasara hiyo huonekana wazi (wanaofukuzia namba ya kilele cha nguvu pekee hulisahau jambo hili). Anayetaka kuhakiki achukue grafu ya vipimo vya injini, akokotoe nguvu kila baada ya mizunguko 500, kisha aangalie mizunguko huangukia wapi gia inapobadilishwa, kwani eneo kati ya hapo na kikomo cha injini ndilo litumikalo mbioni.