Fernando Torres: yanayosemwa vijiweni na yaliyotokea uwanjani

Usiku wa tarehe 29 Juni 2008, fainali ya Euro (kombe la mataifa ya Ulaya) kati ya Hispania na Ujerumani, tulibanana kwenye mabenchi ya banda umiza moja kule Mbagala. Mpira ulianza saa nne kasorobo. Dakika ya 33 Xavi akapenyeza pasi katikati ya mabeki wa Ujerumani. Philipp Lahm alikuwa ameshautangulia, mpira ulikuwa wake kabisa. Torres, straika wa Hispania, akampitia upande wa nje, akamgusa kwa bega, akawahi yeye, na Jens Lehmann alipojitupa miguuni kwake akauinua kidogo tu. Ule mpira ulibingirika taratibu kuelekea nguzo ya mbali, na banda zima lilinyamaza kuusindikiza mpaka ulipoingia. Mechi iliisha 1-0 pale Vienna, na Hispania ikabeba kombe kubwa la kwanza tangu mwaka 1964.

Nimeanza na goli hilo kwa sababu kijana wa leo ukimtajia Torres anatoa simu mfukoni na kukuonyesha klipu moja tu: Torres wa Chelsea pale Old Trafford, uwanja wa Manchester United, goli tupu, mpira nje. Kwake huyo ndiye Torres mzima. Na kila mwaka hadithi yake inasimuliwa kwa ufupi zaidi: alikuwa moto, akaenda Chelsea, akafa. Nimemfuatilia tangu ana nywele ndefu za dhahabu pale Anfield, uwanja wa Liverpool, na hadithi hiyo inanikera, maana karibu kila kipande chake kina kasoro.

"Chelsea ndiyo iliyomuua"

Hii ndiyo kubwa, na ndiyo inayoaminiwa hata na watu wanaoujua mpira. Turudi nyuma kidogo tuangalie tarehe.

Msimu wake wa kwanza Liverpool, 2007/08, alifunga magoli 24 ya ligi. Msimu uliofuata alikuwa anatoka na kurudi kwa sababu ya misuli ya paja, akacheza mechi 24 tu za ligi na kufunga 14. Msimu wa 2009/10 alifunga 18 katika mechi 22. Wengi wanaishia kwenye hizo 18 na kusema mtu alikuwa kwenye kilele. Desemba 2009 alifunga dhidi ya Aston Villa dakika za nyongeza, goli lake la 50 la ligi katika mechi 72, na hakuna mchezaji wa Liverpool aliyekuwa amefika 50 kwa haraka hivyo wakati ule. Kweli, alikuwa juu. Lakini ligi ina mechi 38. Zile 16 alizokosa ndizo zenye habari.

Januari 2010, kwenye mechi ya marudio ya Kombe la FA dhidi ya Reading, goti lilimsaliti. Akafanyiwa upasuaji. Akarudi mapema, akafunga, watu wakasahau. Aprili akarudishwa tena chumba cha upasuaji, goti lilelile. Safari mbili ndani ya takriban miezi mitatu, kwa mtu ambaye mali yake yote ni hatua nne za kwanza za mbio. Na Juni alitakiwa awe Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia.

Alikwenda. Akacheza mechi zote saba na hakufunga hata goli moja. Kocha Vicente del Bosque alimpanga tangu mwanzo kwenye mechi kadhaa, kisha nusu fainali na fainali akamwanzisha benchi. Fainali pale Soccer City aliingia muda wa nyongeza, na filimbi ya mwisho ilipopulizwa yeye alikuwa ameshaumia tena, mara hii paja. Wenzake wanakimbia kushangilia ubingwa wa dunia, yeye anachechemea.

Aliporudi Liverpool, nusu ya kwanza ya msimu wa 2010/11, alifunga magoli 9 katika mechi 23 za ligi. Kwa straika wa kawaida si haba. Kwa Torres ilikuwa dalili. Yapo mabao yake mawili dhidi ya Chelsea yenyewe Novemba 2010, na ninaamini ndiyo yaliyowapofusha watu, wakadhani amerudi. Ila aliyemtazama wiki baada ya wiki aliona kitu kimepungua. Pasi ileile ya Steven Gerrard, iliyokuwa inapigwa kabla hata ya kuangalia kwa sababu alijua Torres ameshaondoka, sasa ilikuwa inaishia miguuni mwa beki. Beki hajawa na kasi zaidi. Torres ndiye aliyechelewa nusu hatua.

Hivyo tarehe 31 Januari 2011 Chelsea ilipotoa pauni milioni 50, rekodi ya Uingereza wakati huo, ilikuwa inanunua mchezaji aliyekwisha kuanza kushuka karibu mwaka mzima nyuma.

Sisemi Chelsea haikuchangia. Ilichangia, na sana. Liverpool ya kocha Rafael Benítez ilikuwa inamtafutia Torres nafasi nyuma ya mabeki. Anasimama begani kwa beki wa kati, anasubiri, anachomoka. Chelsea ilikuwa timu ambayo wapinzani wengi wanaijazia watu kwenye boksi, na namba tisa anatakiwa aushike mpira akiwa ameipa goli mgongo, ahangaike na mabeki wawili, asubiri wenzake wafike. Kazi hiyo alikuwa anaifanya Didier Drogba, na Drogba alikuwa palepale. Ongeza makocha: Ancelotti, Villas-Boas, Di Matteo, Benítez, Mourinho. Watano ndani ya miaka mitatu na nusu, kila mmoja na mpira wake. Mchezaji mwenye goti zima angesumbuka. Sembuse mwenye goti lililofunguliwa mara mbili.

"Alifuata hela"

Mashabiki wa Liverpool walichoma jezi zake, na maumivu yao nayaelewa. Lakini tazama alichokiacha. Xabi Alonso aliuzwa Real Madrid mwaka 2009. Msimu wa 2009/10 timu ilimaliza nafasi ya 7, ikakosa Ligi ya Mabingwa. Juni 2010 Benítez akaondoka, na Agosti Javier Mascherano akaenda Barcelona. Oktoba Liverpool ilikuwa kwenye eneo la kushuka daraja huku wamiliki wakigombana mahakamani kuhusu kuiuza klabu. Torres alikuwa na miaka 26, bingwa wa Ulaya na wa dunia akiwa na timu ya taifa, na kwa ngazi ya klabu hakuwa na kombe kubwa hata moja. Aliomba kuondoka dirisha dogo, siku za mwisho kabisa, na namna ile iliwaumiza watu. Hilo ni lawama halali. Ila kusema ni hela peke yake ni kufumbia macho hali ya timu.

Na siku ileile aliyoondoka, Liverpool ilisajili Luis Suárez na Andy Carroll.

"Ile ya Old Trafford inaeleza kila kitu"

Septemba 18, 2011. Chelsea iko nyuma 3-1, dakika zinayoyoma. Torres anapokea pasi, anamhadaa David de Gea, kipa amelala chini, goli liko wazi kama mlango wa sokoni. Anapiga kwa mguu wa kushoto, mpira unapita pembeni ya nguzo. Anaanguka kwa magoti, uso kwenye nyasi.

Klipu inaishia hapo. Ambacho haikuonyeshi ni kwamba goli moja la Chelsea siku ile alilifunga yeye, mwanzoni mwa kipindi cha pili, akiuinua mpira juu ya De Gea huyohuyo kwa ustadi wa Torres yule wa zamani. Na hata ile aliyokosa, itazame tena pole pole: mbio alizopiga, muda aliochagua, kipa alivyomwacha. Vyote vilikuwa sahihi. Mguso wa mwisho ndio uliokataa.

Hapa ndipo nakubaliana nusu na wanaosema shida ilikuwa kichwani. Goli lake la kwanza Chelsea lilikuja Aprili 23, 2011 dhidi ya West Ham, baada ya dakika 903, uwanja umejaa maji; mpira ulikwama kwenye dimbwi mbele yake ndani ya boksi, akageuka na kuupiga kambani. Wachezaji wenzake walimrukia kana kwamba wamechukua kombe. Mtu akisubiri dakika 903, kisha mwaka unaofuata akamaliza mechi 24 za klabu bila goli mpaka ile ya Kombe la FA na Leicester, Machi 2012, alipofunga mawili, lazima kichwa kiumie. Lakini kujiamini kulifuata mwili. Mshambuliaji aliyezoea kumpita beki anapogundua hampiti tena, anaanza kufikiria pale ambapo zamani alikuwa anatenda tu. Nani angebaki mtulivu mbele ya goli, huku kila jukwaa la ugenini likihesabu dakika zake kwa sauti?

"Goli lake la Camp Nou liliipeleka Chelsea fainali"

Hii inamsifia, na bado si sahihi. Wanaompenda wanaitumia kila siku.

Aprili 24, 2012, pale Camp Nou, uwanja wa Barcelona, nusu fainali ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa. Mechi ya kwanza Chelsea ilishinda 1-0 nyumbani. Barcelona ikapata mawili, John Terry akala nyekundu, kila mtu bandani akajua imeisha. Kabla ya mapumziko Ramires akamwinulia kipa Víctor Valdés mpira juu ya kichwa: 2-1. Kwa jumla ikawa 2-2, na kwa sheria ya goli la ugenini iliyokuwepo wakati ule, Chelsea tayari ilikuwa inapita. Kipindi cha pili Lionel Messi akagongesha penalti mwamba. Torres aliingia baadaye kuchukua nafasi ya Drogba.

Dakika za nyongeza, Barcelona wote wamepanda, mpira unaokolewa kutoka langoni kwa Chelsea na kumkuta Torres peke yake, nusu ya uwanja iko tupu mbele yake. Ilikuwa inakaribia saa sita usiku kwetu. Tuliomtazama tulikuwa tunahesabu hatua zake, na wengi, hata mashabiki wa Chelsea, walikuwa wanaogopa. Akamzunguka Valdés na kuusukuma ndani. Ikawa 2-2 usiku ule, 3-2 kwa jumla.

Kwa hiyo lililoivusha Chelsea ni la Ramires. La Torres liliondoa hofu, kwa sababu goli moja zaidi la Barcelona lingegeuza kila kitu. Ukubwa wake upo kwingine: mwaka mzima watu walikuwa wanasema mwache na kipa tu uone, na pale, kwenye uwanja ule, aliachwa na kipa.

"Milioni 50 zilitupwa jalalani"

Kwa magoli, Chelsea haikupata ilichokilipia. Mechi 110 za ligi, magoli 20. Liverpool alikuwa amefunga 65 katika mechi 102. Sitapamba takwimu hizo.

Lakini fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Munich, Mei 2012, kona aliyoifunga Drogba kwa kichwa dakika ya 88 ilipatikana kwa kazi ya Torres aliyetokea benchi. Mwezi Juni na Julai, Euro 2012, alipata Kiatu cha Dhahabu, tuzo ya mfungaji bora: magoli matatu, pasi moja ya goli, na dakika chache kuliko wenzake waliofunga matatu. Aliifunga Italia kwenye fainali, akawa mtu wa kwanza kufunga katika fainali mbili za Euro. Msimu wa 2012/13 alifunga katika mashindano saba tofauti. Mei 15, 2013 pale Amsterdam alimzunguka kipa wa Benfica na kufunga goli la kwanza la fainali ya Ligi ya Europa, Chelsea ikashinda 2-1. Kwa siku kumi, mpaka Bayern walipochukua Ligi ya Mabingwa tarehe 25, Torres na Juan Mata walikuwa wanashikilia kwa pamoja ubingwa wa dunia, wa Ulaya kwa nchi, wa Ligi ya Mabingwa na wa Ligi ya Europa. Straika "aliyekufa" huyo.

"Baada ya hapo alipotea"

Klabu ya Milan ya Italia alikaa miezi michache, mechi 10, goli moja. Hapo sina utetezi.

Ila Januari 2015 alirudi Atlético Madrid, klabu iliyomlea tangu mtoto, iliyomchezesha mara ya kwanza mwaka 2001 ikiwa daraja la pili na kumpa kitambaa cha unahodha akiwa na miaka 19. Watu wapatao 45,000 walijaa uwanja wa Vicente Calderón kumpokea, na hakukuwa na mechi siku hiyo. Siku chache baadaye aliifunga Real Madrid mara mbili pale Bernabéu na kuitoa Kombe la Mfalme. Akafika fainali ya Ligi ya Mabingwa 2016, wakaikosa kwa penalti dhidi ya Real Madrid.

Mei 16, 2018 pale Lyon, Atlético iliifunga Marseille 3-0 kwenye fainali ya Ligi ya Europa. Torres aliingia dakika za mwisho kabisa. Lilikuwa kombe lake kubwa la kwanza na Atlético ya wakubwa, miaka 17 tangu mechi yake ya kwanza, na nahodha Gabi alimwita wakalinyanyua pamoja. Siku nne baadaye aliwaaga mashabiki katika mechi na Eibar iliyoisha 2-2. Magoli yote mawili ya Atlético alifunga yeye.